Chirau na Barakoa ya Sufyan

Watu wa Mwabungo, pwani ya kusini ya Kenya, walimjua Chirau Abdalla kabla hajashika upanga. Walimjua kwa fimbo. Katika harusi za ujana wake, zumari ilipopamba moto na wanaume wakajipanga kucheza kirumbizi, wenye kuujua mchezo walisogea mbele kumwangalia yeye, kwa vile alivyokuwa akilipokea pigo la mwenzake kwa fimbo yake na kulirudisha papo hapo bila ya kuonekana ametumia nguvu. Alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, na alipenda kutazamwa. Hilo la kupenda kutazamwa mkewe Twaiba aliligundua mapema katika ndoa yao na hakuliona kuwa ni aibu. Alisema mume anayependa kutazamwa angalau huoga.

Fimbo hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye upanga. Alikuwa ameajiriwa katika hoteli moja ya Diani, kazi yake kuwachezesha wageni: asubuhi mazoezi ya viungo kando ya bwawa la kuogelea, alasiri mpira wa wavu mchangani. Akaja mgeni mmoja kutoka Ujerumani, mwanamke wa makamo, ambaye kwao alikuwa akifundisha mapigano ya panga za kale, zile panga ndefu za mikono miwili walizopigania Wazungu enzi za wafalme wao. Namna ya kuzitumia imebaki katika vitabu vya picha, na wako watu siku hizi wanaovisoma vitabu hivyo na kuufufua mchezo. Mwanamke huyo alimwona Chirau akicheza fimbo na wafanyakazi wenzake nyuma ya jiko, akaomba acheze naye. Alipokuja likizo nyingine alileta panga za plastiki ngumu, na iliyofuata akaleta za chuma, butu, pamoja na barakoa.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa klabu ya panga ya Diani. Hoteli iliwapa ukumbi siku ambazo hauna mkutano, na Chirau akawa mwalimu. Walikuja wahudumu wa mahoteli, walimu wa shule kutoka Ukunda, na Wazungu wachache waliojenga huku wakazoea. Jambo la kwanza alilowafundisha lilikuwa kuvaa. Barakoa ya wavu wa nyaya za chuma, inayofunika uso mzima na kufungwa kisogoni. Kinga ngumu ya koo. Koti zito la kitambaa kilichopimwa kisipenyeke, alama ya kipimo chake imeshonwa ndani. Glavu zenye magamba magumu juu ya kila kidole. Kinga za viwiko na magoti, na ile nyingine ambayo wanaume hucheka ikitajwa. Asiyevaa vyote hakupewa upanga, na meneja wa hoteli mwenyewe alikwisha kurudishwa mlangoni kwa ajili ya glavu.

“Upanga huu ni butu, lakini ni chuma,” alikuwa akiwaambia. “Ukikupata kidoleni, kidole kinavunjika. Ncha ikipata jicho, haitauliza kama tulikuwa tunacheza.”

Kwa miaka kadhaa hakuna aliyemshinda. Picha yake akiwa na upanga begani ilitundikwa mapokezi ya hoteli, na alipopita Ukunda watu wa bodaboda walimwita Jemadari. Alikuwa akijifanya hasikii ili waite tena.

Kisha akaja Sufyan.

Alikuwa kijana wa Bodo, nahodha wa boti ya mashine inayowapeleka watalii kisiwani Funzi. Siku hiyo alikuwa amewafuata wageni wake hotelini, akasimama mlangoni mwa ukumbi kuangalia mazoezi. Chirau mwenyewe ndiye aliyemwita. Kila alipolikumbuka baadaye lilimkereketa, kwamba ni yeye, kwa mdomo wake, aliyesema, “Karibu ndani, bwana, usiogope.” Sufyan alimwamkia shikamoo, akavua viatu kama anayeingia nyumba ya watu, akapewa upanga, na upanga ukatulia mkononi mwake kana kwamba umerudi kwa mwenyewe.

Mwanzoni Chirau alimpenda kama mdogo wake. Alimfundisha bila kuchoka, akamleta nyumbani kula wali na samaki wa kupaka, akamtafutia koti la mtumba kutoka kwa mwanachama aliyehama. Koti lilikuwa pana. Twaiba, ambaye ni fundi cherehani na kibanda chake kiko kando ya barabara pale Mwabungo, alilifumua ubavuni akalishona upya likamkaa. Makoti yote ya klabu yakipasuka au kubana yalipita kwake. Chirau wakati huo alimsimamia akimwambia, “Muachie nafasi makwapani, mikono yake ni mirefu.”

Mambo yaligeuka kwenye maonyesho ya sikukuu ya Idi. Ukumbi ulikuwa umejaa, Twaiba na binti yao Muhsina wamekaa safu ya mbele. Chirau na Sufyan walipaswa kuonyesha tu, si kushindana, lakini wote wawili walijua kwamba wanapimwa. Sufyan alimpata begani, kisha mkononi. Chirau akapandwa na hasira, akamrukia, goti lake la kulia likateguka, na ncha ya Sufyan ikamgusa kifuani taratibu kama mtu anayebisha hodi. Watu wakapiga makofi. Chirau alivua barakoa huku anatabasamu, akamtafuta mkewe kwa macho, akamwona naye anapiga makofi. Twaiba alikuwa akipiga kama watu wengine wote, kwa sababu mchezo ulikuwa mzuri. Chirau hakuwaona hao wengine. Aliiona mikono miwili ya mkewe, na kitu kikamwingia moyoni ambacho hakikutoka tena.

Goti halikupona sawasawa. Daktari wa Msambweni alimwambia atatembea vizuri, ataogelea vizuri, lakini kuruka na kugeuka ghafla asahau. Kwa hiyo Chirau akawa mtu wa kusimama kando. Wageni walipoingia ukumbini waliuliza yuko wapi Sufyan. Wanachama wapya, ambao hawakuwahi kumwona akicheza, walianza kumwita kijana yule mwalimu, na Sufyan kila mara aliwarekebisha: “Mwalimu ni yule pale.” Alivyowarekebisha ndivyo Chirau alivyozidi kuumia, kwani aliona anapewa kwa hisani kile ambacho jana kilikuwa chake kwa haki.

Wivu ule ulikula naye na kulala naye. Aliliona koti la Sufyan limelala juu ya meza ya cherehani likingoja kutiwa zipu, akalichukua na kuangalia mishono, akawaza kwamba mkewe ameifuatanisha kwa karibu zaidi kuliko ile ya koti lake. Aliwaza hivyo akijua ni upuuzi, na kujua hakukumsaidia. Siku moja baada ya swala alinyanyua mikono kuomba dua, akajikuta analiombea shari goti la Sufyan. Akasema astaghfirullahi, akaanza upya, na maneno yakagoma kutoka.

Klabu ilipoamua kuandaa mashindano ya wazi, ya kualika watu wa Nairobi, Zanzibar na Tanzania bara, walihitaji mkaguzi wa vifaa. Hakuna anayeruhusiwa kuingia uwanjani kabla mkaguzi hajaridhika na kila alichovaa na upanga alioshika, na neno lake ndilo la mwisho. Waliposema jina la Chirau alikubali upesi. Alijifunza kanuni zote, akapewa vipimo. Watu walimsifu kwa kujitolea. Yeye alijua kilichomvuta: kila mmoja angesimama mbele yake na kungoja aseme ndiyo au hapana, hata Sufyan.

Nafasi yake ya kwanza ilikuja katika shindano dogo la kujipima, wao kwa wao. Sufyan aliweka glavu zake mezani. Chirau alizikunja, akazivuta, akasimama kwenye dole gumba la mkono wa kulia.

“Mshono umelegea hapa,” alisema. “Hazipiti.”

Sufyan alizitazama. “Umelegea, mwalimu?”

“Nimesema hazipiti.”

Kijana hakubishana. Aliazima glavu za mtu mwingine, zilizombana mpaka upanga ukawa unamponyoka, akatolewa mapema na mtu ambaye siku zote alikuwa akimshinda. Chirau aliangalia, na kwa muda mfupi alihisi utamu mwilini kama aliyekunywa maji baada ya kufunga. Glavu zilisahauliwa mezani, akaja nazo nyumbani. Twaiba alizichukua ili azikaze huo mshono. Alizigeuza ndani nje, akazipeleka mwangani, akazirudisha mapajani.

“Baba Muhsina,” alisema, “mshono huu mzima.”

Chirau aliinama akafungua kamba za viatu.

“Sikukuuliza, nakwambia tu. Kesho nitampelekea mwenyewe, nimwambie nini?”

“Mwambie umeukaza.”

“Nidanganye?” Twaiba aliziweka glavu kando. “Mimi nimejua siku nyingi kwamba roho inakuuma. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani inakuuma wewe peke yako. Sasa inawauma na wengine.”

Alimpelekea Sufyan glavu bila ya kuongeza neno lolote, na hilo lilitosha. Sufyan alikuwa hajui cherehani, lakini alijua glavu zake. Katika klabu watu walianza kunyamaza Chirau akipita. Hakuna aliyemtaka ajiuzulu. Labda walimwonea haya, labda walikumbuka kwamba bila yeye wasingekuwapo. Akabaki na kazi, na kila mtu akajua anaifanya kwa moyo gani.

Mashindano yenyewe yalikuja msimu wa wageni wengi. Bango lilibandikwa toka Ukunda mpaka Msambweni, na juu yake ilikuwa picha ya Sufyan, upanga juu ya kichwa, meno yote nje. Chirau alilipita kila siku akienda kazini na kila siku alilisoma tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba pengine wameongeza jina lake usiku.

Msimamizi mkuu alikuwa Faith, mwamuzi kutoka Nairobi, mwanamke kijana mwenye sauti ya kusikika na asiyependa mambo kuchelewa. Asubuhi ya mashindano alimpangia Chirau meza ndefu karibu na mlango, na Twaiba akawekewa cherehani ndogo kando yake kwa ajili ya mikanda na vifungo vilivyokatika. Foleni ikaanza kusogea.

Chirau aliifanya kazi yake vizuri. Kila upanga aliusimamisha, akaikandamiza ncha yake chini mpaka ukapinda, akauachia kuona kama unarudi ulivyokuwa. Aliangalia kama ncha imekunjwa duara ili isichome. Kisha alichukua bonge la pamba akalipitisha kingoni kutoka kwenye kipini hadi mwisho, na pale penye vijimeno vya chuma vilivyotokana na kugongana, pamba ilinasa. Upanga wa Mangi, mtu wa Moshi mwenye mabega kama mlango, ulinasa pamba mara kadhaa. Chirau alimpa tupa na msasa, akamwelekeza pa kusugua. Mangi alikaa kwenye kona akasugua mpaka pamba ikapita, akashukuru kwa adabu, naye Chirau akampitisha. Barakoa alizipima kwa kijiti cha chuma chenye ncha na springi ndani, ambacho ukikisukuma kinatoa nguvu ile ile popote. Wavu mzima hukirudisha, uliochoka hukubali kipenye.

Ikafika zamu ya Sufyan. Aliamkia. Akaweka vitu vyake mezani kimoja kimoja, akamtazama Chirau usoni bila ya uadui, lakini pia bila ya kutarajia mema.

Koti lilipita. Glavu zilipita, na mtu mmoja nyuma kwenye foleni akakohoa kikohozi cha makusudi. Upanga ulipita. Barakoa ilikuwa nyeusi tii, inang'aa. Chirau aliingiza mkono ndani, akaupapasa wavu kwa kidole gumba kutoka paji hadi kidevuni, na chini ya shavu la kushoto, karibu na pale wavu unapoingia kwenye ukingo, akahisi kama unabonyea. Kidogo sana. Akarudia. Safari hii hakuwa na hakika. Akachukua kijiti cha kupimia, akakisukuma pale. Wavu ulikirudisha.

“Umeipaka rangi lini?” aliuliza.

“Majuzi. Ilikuwa imeparara, nikaipuliza.”

“Unaiweka wapi?”

“Kwenye boti, na mizigo yangu.” Sufyan alisita. “Mwalimu, leo tena?”

Chirau aliishika barakoa kwa mikono miwili. Chumvi ya bahari inakula chuma, hilo kila mtu wa pwani analijua, na rangi mpya huficha kutu kama poda inavyoficha chunusi. Lakini kutu hakuiona. Kipimo kilikuwa kimesema barakoa nzima. Akiipitisha hakuna atakayemlaumu, hata likitokea la kutokea, maana kanuni zimefuatwa. Na hapo wazo likamjia, wala halikuja kwa kunyemelea, lilikuja waziwazi na kukaa: basi na litokee. Alimwona Sufyan chini, watu wamemzunguka, bango limebanduliwa. Ule utamu wa siku ya glavu ulirudi ukampanda mpaka kooni, na kwa mara ya kwanza Chirau alijiogopa.

Faith alikuja. “Mzee Chirau, foleni imesimama. Kuna shida?”

“Naona kama wavu umelegea hapa.”

Faith alichukua kijiti, akapima pale, akapima na pengine. Kilirudi kote. “Kwa kipimo iko sawa,” alisema. “Lakini mkaguzi ni wewe. Ukiwa na shaka una haki ya kuikataa, mimi siwezi kukupinga. Ila nimeshaambiwa habari za hapa kabla sijafika, Mzee, kwa hivyo nitakuuliza na uniambie ukweli. Shida ni hii barakoa ama ni huyu kijana?”

Watu waliacha kujifanya hawasikilizi. Twaiba aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

“Sijui,” alisema Chirau.

“Hujui?”

“Sijui. Huyu kijana namhusudu. Kila mtu hapa anajua, wala sitaki kukuficha. Kidole changu kinaniambia wavu huu mbovu, na mimi kidole changu sikiamini tena, kwa sababu kilishawahi kusema uongo. Lakini nikikinyamazisha leo nikampitisha, basi jicho likitoka, nitakuwa nilijua.”

Hakuna aliyetarajia maneno hayo, naye mwenyewe alikuwa wa mwisho kuyatarajia. Faith alishusha kijiti. Chirau akainama chini ya meza, akafungua mfuko wake, akatoa barakoa yake mwenyewe, ambayo tangu goti liharibike alikuwa akiipangusa kwa mafuta ya cherehani na kuirudisha mfukoni. Akaiweka mbele ya Sufyan.

“Vaa hii. Nyingine zote za klabu zina watu leo.”

Sufyan hakuigusa. “Na nikishindwa nikiwa nayo, kama siku ile ya glavu?”

“Nitafurahi,” alisema Chirau.

“Mwalimu.”

“Wallahi nitafurahi, sikudanganyi. Lakini nataka ushindwe ukiwa na macho yako mawili.”

Sufyan akacheka kicheko kifupi, akaichukua. Ilikuwa kubwa. Twaiba aliinuka bila kuitwa, akamfunga mkanda wa kisogoni, akatia pedi ya sponji pande zote mbili, akamwambia atikise kichwa. Ikakaa, ingawa si kama yake.

Chirau alisimama kando siku nzima akimwangalia Sufyan anacheza ndani ya uso wake. Hilo hakuwa amelifikiria. Watu waliokuwa wakimshangilia Sufyan walikuwa wakiishangilia barakoa ile ile waliyoishangilia zamani, yenye kovu la upanga juu ya paji, na mara nyingine, mchezo ulipokwenda kasi, jicho la Chirau lilidanganyika likaona ni yeye. Kisha jina likaitwa, na halikuwa lake. Alipata maumivu ambayo hayakumpata hata siku ya Idi.

Fainali ilikuwa Sufyan na Mangi. Mangi alikuwa mzito lakini hakuwa mzembe. Walikwenda sambamba, huyu akipata na yule akipata, mpaka Sufyan alipoingia chini kumtafuta kiunoni na Mangi akanyoosha upanga wake mbele kwa mikono yote miwili. Ncha ilimpata Sufyan usoni, upande wa kushoto, chini ya shavu. Upanga ulipinda juu kama fimbo ya kuvulia samaki, kichwa cha Sufyan kikarudi nyuma, akakaa kitako sakafuni. Mangi aliutupa upanga akamkimbilia. Faith alisimamisha mchezo.

Sufyan alivua barakoa. Uso ulikuwa mzima, umevimba kidogo tu pale pedi ilipomkandamiza. Alikunywa maji, akasimama, akaomba waendelee. Lakini alikuwa amevurugika, na barakoa ilikuwa imesogea, na katika pigo la mwisho hakuuona upanga wa Mangi ukitokea juu. Mangi akawa bingwa.

Chirau alifurahi, kama alivyosema. Ilikuja ile furaha, naye akaitambua, na ilikuwa ndogo sana, akabaki akiitafuta iliyobaki kama mtu aliyeahidiwa sahani akapewa kijiko.

Jioni hiyo wanachama wengi waliondoka bila ya kumuaga. Walisema wavu ulikwisha kupimwa ukapita, mzee akampa kijana barakoa isiyomkaa, na barakoa hiyo ndiyo iliyomkosesha ubingwa nyumbani kwao. Kusema ukweli mbele ya watu kulimpunguzia heshima badala ya kumwongezea, maana zamani walikuwa wakikisia na sasa wamesikia. Twaiba alifunga cherehani yake, wakatembea hadi kituoni. Walipofika nyumbani alimwambia tu, “Ulisema vizuri leo,” akaenda kupasha chakula.

Siku kadhaa zilipita. Asubuhi moja Sufyan alikuja Mwabungo kutoka Bodo. Aliamkia, akakaribishwa kiti kibarazani, akatoa barakoa yake nyeusi ndani ya mfuko wa unga. Ilikuwa si nyeusi tena. Alikuwa ameikwangua rangi yote.

“Nilikuwa na hasira na wewe,” alisema. “Nikasema niikwangue niwaonyeshe watu kwamba ulinionea. Nikafika hapa.”

Chini ya shavu la kushoto, pale ukingoni, nyaya zilikuwa zimeliwa na kutu zikawa nyembamba kama nywele. Rangi ndiyo iliyokuwa imezishikanisha. Sufyan alikuwa amezisukuma kwa bisibisi, na palikuwa na tundu linaloingia dole gumba.

“Kijiti hakikupita,” alisema Chirau.

“Hakikupita kwa sababu nilipaka rangi juu ya rangi. Lakini ule upanga wa Mangi ungepita.” Aliigeuza barakoa mikononi. “Nimemtumia Faith picha. Nimewaonyesha na wanachama. Nimekuja kukuomba radhi, mwalimu, kwa niliyokuwa nikiyasema nyuma yako.”

Chirau alijua kwamba hapo ndipo moyo wake ungepaswa kutulia. Alikuwa amethibitika. Lakini alimtazama kijana yule aliyesafiri kutoka Bodo kwa miguu yake kuja kuomba radhi, wakati yeye mwenyewe kwa zile glavu hakuwahi kuomba radhi, na wivu ukamchoma upya, mkali kama zamani. Hata katika hili alikuwa amemtangulia.

“Zile glavu zilikuwa nzima,” alisema. Ilimtoka kwa taabu.

“Najua.”

“Basi nisamehe.”

“Nilishasahau,” alisema Sufyan, na Chirau akaona kwamba kweli alikuwa amesahau, jambo ambalo pia lilimuuma.

Klabu ilibadilisha kanuni zake. Barakoa yoyote iliyopuliziwa rangi haikubaliki tena, na ukingo wa wavu unafunuliwa kabla ya kupimwa. Chirau aliongeza kanuni moja yake mwenyewe, akaisema kikaoni huku ameinamisha macho: vifaa vya Sufyan visikaguliwe naye peke yake, awepo mtu wa pili. Walimchagua Twaiba. Wapo waliocheka, lakini ilipitishwa, na mpaka leo ndivyo inavyofanyika. Chirau anapapasa, Twaiba anapapasa baada yake, na kila mmoja anasema lake bila ya kuangalia uso wa mwenzake.

Mwaka huu Sufyan amealikwa kwenda kushindana Afrika Kusini. Kabla ya safari alileta mfuko wake wote kibandani kwa Twaiba, barakoa mpya ndani yake, na Chirau na mkewe waliukagua mchana kutwa huku wateja wa magauni wakingojeshwa. Kila kitu kilipita. Sufyan alifunga mfuko, akaaga, akapanda bodaboda.

Twaiba alirudi kwenye gauni alilokuwa akilipinda. Baada ya muda aliuliza, bila ya kuinua kichwa, “Bado inakuuma?”

“Bado.”

“Sana?”

Chirau alifikiri. Vumbi la bodaboda lilikuwa bado barabarani. “Ningetaka niwe mimi ndani ya ile ndege,” alisema. “Ningetaka mpaka mikono inanitetemeka.”

Twaiba alikata uzi kwa meno. “Nishikie huku nipinde,” alisema, akampa upande wa pili wa upindo, naye Chirau akavuta kiti karibu akaushika.